Mguu wa Simsim

Jumatano, 7 Mei

Paka wetu Simsim karudi kutoka shambani leo alfajiri anachechemea. Kapigana tena na lile dume la kijivu linalolala chini ya mitende ya jirani, na safari hii aliyepigwa ni yeye. Mguu wa mbele wa kulia, baina ya kiwiko na kiganja, ana vitundu viwili vya meno. Vidogo, huvioni mpaka uyapekue manyoya. Lakini nyama imevimba na inawaka moto.

Rahaf kalia mpaka basi la skuli likachoka kumpigia honi. Huyu ni mjukuu wangu, wazee wake wanafanya kazi Maskati na huja Alhamisi jioni tu, kwa hivyo wiki nzima mtoto yuko hapa Ibra na sisi, mimi na bibi yake Mabruka. "Babu, mpeleke kwa daktari wa wanyama," kaniambia. Nikamwambia nenda skuli, ukirudi utamkuta mzima. Daktari wa paka! Mimi, Hamood, ambaye mtaa mzima wananiletea watoto wao niwaguse kwa moto, nikakae kwenye viti vya plastiki na paka mapajani nangoja niitwe jina?

Basi likaondoka, nami nikakitia chuma motoni.

Chuma chenyewe nimekirithi kwa babu yangu. Kifupi, ncha yake duara kama kifungo cha kanzu. Hapa wanakiita misamu. Mabruka kamfunga Simsim kwenye taulo la kijani, kakazana naye huku ananung'unika. "Baba Humaid, Waarabu wenyewe wamesema dawa ya mwisho ni moto. Wewe mbona unaanza na ya mwisho?" Nikamwambia ashike vizuri na aache maneno. Nikapiga bismillahi, nikagusa pale palipovimba, mara moja tu. Simsim alitoa sauti ambayo sikujua kuwa paka anayo.

Jioni Rahaf kauliza nimempa dawa gani. "Dawa ya kwetu," nikamwambia. Sikumwambia ni ipi. Watoto wa siku hizi huruma inawatangulia kabla ya akili.

Ijumaa, 9 Mei

Joto limeanza. Simsim kalala chini ya kitanda. Hajala.

Jumatano, 14 Mei

Nilisema mimi! Uvimbe umeshuka, pale pa moto pameshika gamba zuri, kavu, na leo Simsim katembea mpaka mlangoni kumpokea Rahaf. Mtoto kanikumbatia mbele ya dereva wa basi.

Jioni nimekwenda sabla, ukumbi wetu wa wanaume, na baada ya kahawa nikawahadithia. Nilihadithia kwa madaha, sikatai. Khalaf ndiye aliyecheka kuliko wote. Khalaf jirani yangu na rafiki yangu tangu tulipofika huku kutoka Unguja, mimi kijana nisiyejua hata kuzungumza Kiarabu kilichonyooka, yeye akanifundisha. Nilimchoma kiunoni zamani kwa ajili ya baridi yabisi, na mpaka leo anawaambia watu kuwa mkono wangu una baraka. Akasema mbele ya wote, "Hamood, binti yangu Turkiya ana mtoto kule Al Qabil, analia kutwa na hanenepi. Akija wakati wa tabsili, tukichemsha tende, utamgusa." Nikasema inshallah. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Jumapili, 25 Mei

Tende za mwanzo zimeshuka sokoni. Mabruka kaenda kuzinunua kwa wanawake wenzake, karudi na habari za watu kuliko tende.

Simsim anachechemea tena kidogo. Nimemwambia Rahaf ni uvivu tu.

Jumapili, 1 Juni

Si uvivu.

Alhamisi, 5 Juni

Kesho Iddi. Humaid na mkewe wamefika kutoka Maskati. Rahaf hakuwasalimu vizuri, kamvuta baba yake mkono mpaka kwa paka. Pale penye kovu pametoboka kitundu, kidogo hivi, na kinatoka usaha. Ukikipangusa, baada ya saa kinatoka tena. Harufu yake mbaya. Humaid kaniangalia. "Baba, hii imeanza lini?" Nikasema tangu juzi. Uongo. Ilikuwa tangu wiki iliyopita.

Mabruka yuko jikoni na nyama ya kesho, anasikia kila kitu. Aibu ya maiti aijuaye mwosha.

Jumanne, 10 Juni

Nimekaa kwenye viti vya plastiki na paka mapajani, na nikaitwa jina.

Humaid karudi kazini, kwa hivyo tumekwenda mimi na Rahaf. Daktari ni binti mdogo, Hanifa, na mara tu aliposikia nikimwambia Rahaf "mshike taratibu", akasema, "Shikamoo, babu." Kumbe na wao walitoka Unguja, bibi yake wa mtaa wa Malindi kule kule. Nikafurahi, nikasahau kilichotuleta. Kiswahili chake lakini, Mungu amsamehe, kimevunjikavunjika. Kamshika Simsim mguu, kaukunja, kaukunjua, kaukandamiza, na Simsim akafoka.

"Babu, hii maumivu iko ndani sana. Si ngozi. Ni mfupa."

"Haya maumivu yako ndani," nikamwambia.

"Ee, ndo hiyo hiyo, iko ndani." Rahaf kacheka. Mimi pia.

Kisha daktari akamnyoa manyoya, na hapo ndipo lilipotoka. Duara. Kovu jeupe, limetimia kama limechorwa kwa bilauri, na kile kitundu cha usaha katikati yake.

"Na hii nini?" akauliza. Hakuniuliza kwa ubaya. Aliuliza kama daktari anavyouliza.

Rahaf yuko pembeni yangu, mkono wake kwenye kichwa cha paka. Nami nikasema, "Pengine alikanyaga jiko."

Daktari akampiga sindano ya usingizi, akampiga picha ya mfupa, akatuita tukaangalie. Mimi sijui kusoma picha zile, lakini hii hata mimi niliisoma. Mfupa mmoja umenyooka, una kingo zake. Wa pili umeliwa, una vishimo kama ubao ulioingia mchwa, na ukingoni umejiotea mfupa mpya ovyo ovyo. Na katikati kimesimama kipande peke yake, cheupe, kimejitenga. Hicho, anasema, kimekufa. Damu haifiki pale, na kwa kuwa damu haifiki, dawa nayo haifiki. Kitakaa mle na vijidudu vitakaa ndani yake mpaka kitolewe.

"Jino ya paka ni kama sindano, babu. Inaingiza uchafu mpaka chini kabisa. Ile shimo inatakiwa ifunguliwe, isafishwe, usaha itoke. Sasa hii ilifungwa juu. Ni kama mwizi kaingia ndani, halafu mwenye nyumba akafunga mlango kwa nje, akaenda kulala."

Sikumsahihisha neno hata moja.

Atampasua, atoe mfupa uliokufa, apaoshe. Kipande kingine anakipeleka maabara wavioteshe hivyo vijidudu, wajue ni vipi na dawa gani inaviua. Baada ya hapo dawa kwa wiki nyingi. "Si siku, babu. Wiki. Mfupa unapona polepole."

Garini Rahaf kaniuliza, "Babu, jiko lipi?" Jiko letu ni la gesi, liko juu mezani. Nikasema pengine la jirani.

Nimemhadithia Mabruka. Akauliza, "Juu ya mkono kule alikanyagia vipi jiko, baba Humaid? Alikuwa anasujudu?"

Jumapili, 15 Juni

Kapasuliwa, kazinduka usingizini. Mfupa uliotoka daktari kautia kwenye kichupa, Rahaf kataka kuuona. Mdogo kuliko ukucha.

Nimeonyeshwa namna ya kumpa dawa. Kidonge nyuma ya ulimi, mdomo ufungwe, koo lisuguliwe, kisha maji kidogo kwa bomba la sindano. Maji lazima, kidonge kikikaa kooni kikavu kinamchoma. "Kinamchoma," daktari kasema mara mbili, na mimi nikaangalia ukutani.

"Na hata akikimbia, akiruka, akicheza, usiache, babu. Watu wote wanaacha hapo."

Jumamosi, 28 Juni

Skuli zimefungwa. Rahaf anakwenda Maskati kwa wazee wake mpaka mwisho wa Julai, na alikuwa hataki. Alitaka kwenda na paka, mama yake kakataa, fleti ndogo. Basi kanikabidhi mimi. Kanikalisha chini kama mwalimu. "Asubuhi na jioni, Babu. Na maji. Usisahau maji." Kisha kanibusu paji la uso, akasema hana wasiwasi kwa sababu Simsim yuko na mimi, na mimi ndiye niliyemponesha mara ya kwanza.

Mabruka akainuka akaenda kuangalia nguo kwenye kamba. Zilikuwa hazijafuliwa.

Jumanne, 1 Julai

Tabsili imeanza. Wasioijua kazi hii wanadhani tende zinaanguka zimeshaiva tu. Hizi tunazikata bado ngumu na za manjano, tunazitia kwenye masufuria makubwa ya shaba, tunazichemsha kwa moto wa makuti na vigogo, kisha tunazimwaga juani zikauke. Moto chini, jua juu. Khalaf ndiye anayeangalia moto, mimi naangalia maji yasikauke. Shati langu limesimama peke yake kwa chumvi ya jasho.

Khalaf kasema Turkiya atakuja na mtoto kazi ikiisha. "Umekinoa chuma?" Watu wakacheka. Nikacheka.

Simsim kapewa dawa. Kanikwaruza.

Ijumaa, 4 Julai

Kimsingi paka amepona. Leo kapanda juu ya ukuta, karuka mpaka kwenye tangi la maji. Kitundu kimeziba, manyoya yanaota. Mkono wangu una mikwaruzo mpaka kwenye kiwiko, watu kwenye tabsili wananiuliza kama nimeoa mke wa pili.

Jumamosi, 5 Julai

Sikumpa jioni. Nilirudi nimechoka, naye alikuwa juu ya ukuta na sikuwa na nguvu za kumkimbiza. Rahaf kapiga simu. "Babu, umempa?"

"Nimempa."

Jumapili, 6 Julai

Sikumpa. Macho hayadanganyi, paka mzima. Vidonge vinamkosesha raha bure. Rahaf kapiga simu. Nimempa, nikasema.

Jumanne, 8 Julai

Moto. Upepo wa jangwani umetia mchanga kwenye tende, tumezipepeta upya. Rahaf kapiga simu. Nimempa.

Alhamisi, 10 Julai

Nimempa.

Jumapili, 13 Julai

Mabruka kaniuliza mbona vidonge havipungui. Nikamwambia asiingilie. Akasema, "Mimi nilishaingilia, nilishika taulo." Hatukuzungumza tena mpaka chakula cha mchana, na hata hapo alizungumza na sahani.

Rahaf kapiga simu. Safari hii hakuuliza kwanza, alisema, "Ahsante, Babu, najua una kazi nyingi." Nilikuwa naweza kusema pale pale. Mdomo ulikuwa wazi. Nikasema, "Haidhuru, mama."

Jumamosi, 19 Julai

Simsim hakushuka ukutani. Nikadhani joto.

Jumapili, 20 Julai

Hakushuka kwa kuwa hawezi. Nimepanda ngazi mwenyewe kumchukua, mzee mzima, na nilipomshika mguu akaniuma. Haki yake. Mguu umevimba kuliko siku ile ya kwanza, na vitundu sasa ni viwili.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda peke yangu. Daktari Hanifa kanisalimia shikamoo vile vile, na mimi marahaba haikutoka vizuri.

Kampiga picha. Hakuniita nikaangalie, nilikwenda mwenyewe. Vile vishimo sasa vimekutana. Mfupa umekatika wenyewe kwa ndani, bila ya kupigwa.

"Dawa imebaki ngapi, babu?"

Vidonge nilikuwa nimevichukua mfukoni, sijui kwa nini. Nikavitoa, nikaviweka juu ya meza yake, pakiti nzima nzima. Kaviangalia, kaniangalia mimi. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtoto wa umri ule. Hakukuwa na hasira hata. Ingekuwa hasira ningejua pa kushika.

Basi nikamwambia yote. Chuma, taulo, kovu, jiko la jirani. Nikamwambia na simu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Ungeniambia siku ile kwamba ni moto, ningejua nyama ya chini imekufa kiasi gani. Ningepasua zaidi. Pengine ingesaidia. Pengine isingesaidia, sijui. Lakini dawa, babu, dawa ingesaidia."

Mguu lazima ukatwe, wote, mpaka begani. Wakichelewa sumu itaingia kwenye damu na atakufa. Paka anaishi vizuri na miguu mitatu, anasema, wanasahau haraka.

"Rahaf ataambiwa na nani?" kaniuliza. Sentensi hiyo kaisema sawasawa, haina kosa hata moja.

Alhamisi, 24 Julai

Nimemwambia.

Rahaf na wazee wake walifika baada ya magharibi. Nilikuwa nimejiandaa maneno tangu Jumatatu, na yote yalinikimbia. Nikamkalisha ukumbini, Mabruka akakaa mlangoni kama askari, ili nisikimbie na mimi pengine. Nikamwambia dawa ya kwetu ilikuwa nini. Rahaf akavuta miguu juu ya kiti akaikumbatia. Nikamwambia hakuna jiko la jirani. Nikamwambia vidonge niliviacha.

"Tangu lini?"

Nikamwambia.

"Lakini nilikuwa nakuuliza."

"Ulikuwa unaniuliza."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

Hakulia. Ningelipa chochote alie. Kaondoka, kamwendea Simsim ndani ya kikapu chake, kalala sakafuni kando yake na nguo za safari. Na Humaid, huyu ni mwanangu ambaye nilimchoma moto mgongoni akiwa na miaka sita kwa kikohozi. Alinipita tu, akaenda kuchukua mto akamwekea bintiye kichwani.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha aliyonisutia mama yangu, na hakuna nyengine inayojua kunisuta vizuri. Lo, Hamood. Mtu mzima na mvi zako. Unamdanganya mtoto kwa simu.

Jumamosi, 26 Julai

Wamekata. Yuko hai. Sikuruhusiwa kuingia, na aliyenizuia si daktari, ni Rahaf.

Jumatano, 30 Julai

Simsim kajaribu kujiramba mkono usiokuwepo. Alianguka ubavu, akainuka, akajaribu tena.

Dawa ipo ya siku chache zaidi. Rahaf anampa mwenyewe, na pakiti analala nayo chini ya mto.

Ijumaa, 1 Agosti

Tabsili imekwisha, na Turkiya kafika jana kutoka Al Qabil. Leo baada ya sala ya Ijumaa tumekaa sabla, kahawa imezunguka, na Khalaf kaingia na mjukuu wake mikononi. Mtoto mwenyewe kakonda, macho makubwa, kafungwa kitambaa cheupe. Nyuma yake kakamata mtu chetezo kimejaa makaa. Walikuwa wamekwisha kuyawasha! Mimi nilikuwa nimekiacha chuma nyumbani kwa makusudi, nikidhani nitasema nimesahau, na nitasahau Ijumaa ijayo pia, mpaka Turkiya arudi kwake. Hiyo ndiyo ilikuwa hila yangu. Mzee wa hila mimi.

"Tumekiagiza kwako," Khalaf kasema, "Mabruka katukabidhi." Akakitoa mfukoni.

Ukumbi mzima unaniangalia. Kanifunulia mtoto tumbo, linapanda na kushuka, ngozi nyepesi unaona mishipa. Nikaliona lile duara pale. Wallahi nililiona, jeupe, limetimia.

Nikasema, "Mpelekeni hospitali."

Wakadhani nafanya mzaha. Mmoja akasema Hamood leo anataka abembelezwe. Khalaf kacheka akanisogezea mtoto. Nikasema tena, kwa sauti, "Mpelekeni hospitali, Khalaf. Mimi sichomi."

"Wewe? Uliyemponesha paka?"

"Sikumponesha. Nilifungia usaha ndani, mfupa ukaoza. Jumamosi wamemkata mguu."

Mtu mmoja akacheka. Kicheko kinaambukiza, wakacheka watu kumi wazima, mguu wa paka, Hamood kakata mguu wa paka! Niliwaacha. Hakuna niliyemlaumu, nilikwisha kuwachekesha kwa paka huyo huyo mwezi wa tano. Mwenzangu mmoja tu hakucheka. Khalaf kampa mtoto mtu mwengine, akasimama, akafungua mkanda na kuinua kanzu yake mbele ya watu wote, mzee wa heshima, akanionyesha kiuno. Makovu yangu. Yamenenepa na umri.

"Na haya?" kasema. "Haya ulikuwa unajua unachofanya?"

Angeniuliza jambo jengine lolote. Niliyatazama yale makovu na nikatafuta ndani yangu ile hakika niliyokuwa nayo siku ile, nilipokuwa kijana na mkono hautetemeki, na nilikumbuka vizuri kuwa nilikuwa nayo. Nikamwambia, "Nilidhani najua."

Kateremsha kanzu. Sikumaliza kahawa yangu.

Jumapili, 3 Agosti

Khalaf kaja mwenyewe alasiri. Mabruka katandika mkeka barazani, katia tende na kahawa. Rahaf alikuwa kwenye kizingiti na Simsim mapajani, hakuondoka.

Ijumaa, katika ile fujo, chuma kilirudi nami nyumbani. Sikumbuki nilikichukuaje. Khalaf kakifuata hicho.

"Yuko mtu kule Jalan Bani Bu Ali anajua kuchoma," kasema. "Anakuja kesho. Chuma hakina kosa, Hamood. Kosa lilikuwa la mkono wako."

Yarabi, ilinipendeza! Naliandika hili ili nilione. Ilinipendeza sana. Nimpe chuma, mtu mwengine achome, Khalaf aridhike, tunywe kahawa, na mtoto akipona sote wazima, asipopona si mimi. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kwenda chini ya mto nilipokiweka. Nikamwona Rahaf ananiangalia. Hakunikunjia uso, hakunisihi. Alikuwa ananiangalia tu vile alivyoniangalia alipouliza jiko lipi.

"Sikupi," nikamwambia Khalaf.

"Ni mjukuu wangu."

"Ndiyo maana sikupi."

Kasimama. Kikombe kilikuwa mbele yake kimejaa, hakukigusa. Mtu kuja kwako akaondoka na kahawa hajaionja, huku kwetu hapana tusi kubwa kuliko hilo, na hii ni nyumba aliyoingia hodi na bila hodi kwa zaidi ya miaka hamsini. Nikamsindikiza mpaka mlangoni. Hakugeuka.

Nimerudi nikakaa. Nikalia kidogo, mbele ya mke wangu na mjukuu wangu, na sikujificha uso. Mabruka kakimimina kile kikombe kwenye mti wa ndimu. Kisha akakichukua chuma chini ya mto akaenda nacho jikoni. Sijui kakiweka wapi na sitamuuliza.

Jumanne, 5 Agosti

Mabruka karudi kutoka kwa kina Khalaf na habari. Yule mtu wa Jalan alikuja, akala, akangoja bure. Turkiya alikwisha kuondoka na mwanawe tangu jana asubuhi, kwa teksi, hakumwambia mtu. Yuko hospitali, mtoto kalazwa, wamemkuta moyo una kitundu. Watamtibu. Khalaf hazungumzi na binti yake wala na mimi. Mabruka kasema Turkiya kamwambia alikuwa hajui pa kupata ujasiri wa kumkatalia baba yake, mpaka aliposikia habari za paka. Watu walikuwa wanazihadithia kwa kucheka, na yeye akazisikia nyuma ya mlango.

Nilisema alhamdulillahi. Sikujisikia mwema. Nilimfikiria Khalaf, na Humaid akiwa na miaka sita, na wengine ambao majina yao siyakumbuki hata nikitaka, walioshikwa kwenye mataulo.

Baada ya isha Rahaf kaja ukumbini na Simsim begani. Anaruka sasa huyo paka, anajitupa kidogo upande, lakini anaruka. Kamweka juu ya zulia. Kasimama mbele yangu, kanyoosha mkono, na kiganjani mwake kuna kidonge.

"Cha mwisho," kasema. "Mpe wewe." Nilikuwa bado sijanyoosha mkono wangu aliposema, "Mimi nitaangalia."

Sikutaka taulo. Nikamkalisha mapajani kwa mikono mitupu, naye akajikaza mwili mzima, lakini hakuuma. Nikapiga bismillahi. Nyuma ya ulimi, nikamfunga mdomo, nikamsugua koo mpaka nikahisi kimeshuka. Rahaf kanipa bomba, nikampa maji. Simsim kashuka, kaenda zake kwa miguu yake mitatu kujiramba chini ya kiti.

Rahaf alikuwa bado amesimama. Basi nikavigeuza viganja vyangu vyote viwili, nikavifungua mbele yake, na akainama akaangalia vizuri baina ya vidole.